Barua ya Wazi: Tuambieni Mikutano ya Wanaoacha Pombe Iko Wapi na Hufanyika Saa Ngapi

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya wa kaunti yetu,
Mwenyekiti wa kamati inayotoa leseni za vileo,
Wasimamizi wa hospitali, vituo vya afya na zahanati za umma.

MINTARAFU: KUKOSEKANA KWA RATIBA YA KUAMINIKA YA MIKUTANO YA WATU WANAOACHA POMBE

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha zimekwisha. Barua tulizoziwasilisha kwa mkono zilipigwa muhuri wa kupokelewa na zikaishia hapo. Maafisa tuliowaona ana kwa ana walituelekeza kwa maafisa wengine, ambao nao walituelekeza kwa wale wa kwanza. Mimi ni mkazi wa mji mmoja wa magharibi mwa Kenya, na ni mmoja wa kikundi kidogo cha wanaume na wanawake waliotawaliwa na pombe kwa miaka, ambao sasa hukutana kila wiki ili wasaidiane wasiirudie. Jina langu silitaji kwa kuwa desturi ya vikundi kama chetu hutuzuia kujitangaza mbele ya umma. Kaunti nayo siitaji, kwa sababu nimezungumza na wenzetu wa kaunti za jirani nikakuta kilio chao ni hiki hiki. Kila mwenye wadhifa atakayesoma atajipima mwenyewe kama yanamhusu.

Tunalolalamikia si gumu kulieleza. Mtu anayeamua leo kuacha pombe katika kaunti hii hana mahali popote pa umma anapoweza kusoma, na kuamini, kwamba kikundi fulani kinakutana mahali fulani, siku fulani, saa fulani. Mikutano ipo. Ni michache na imetawanyika, lakini ipo, na anayeihitaji ndiye asiyeambiwa.

Wala wanaoihitaji si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba asilimia 12.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65, yaani takriban mmoja kati ya wanane, walikuwa wakinywa pombe wakati huo, na kwamba mmoja kati ya 20 alikuwa amefikia uraibu. Eneo la Magharibi liliongoza nchi nzima kwa asilimia 23.8, karibu mara mbili ya wastani wa kitaifa. Takwimu hizi mnazijua kutuzidi. Zimesomwa katika warsha zenu na kunukuliwa katika hotuba zenu. Swali letu ni kwamba, baada ya kuzisoma, mtu huyo mmoja kati ya 20 alielekezwa wapi?

Haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Orodha inayotolewa haiaminiki.

Ofisi moja ya umma iliwahi kutupatia karatasi yenye kichwa kinachosema kuwa hiyo ni orodha ya vikundi vya kusaidia waraibu. Tuliifuatilia. Ndani yake mlikuwa na kikundi kilichokwisha kusambaratika, ukumbi wa kanisa ambao mlinzi wake hajapata kusikia habari za mkutano wowote, na nambari za simu ambazo hazipatikani tena. Kikundi chetu, ambacho kimekuwa kikikutana bila kukosa, hakikuwamo. Mbaya zaidi, karatasi hiyo ilichanganya vitu visivyofanana: vituo vya malazi vya kurekebishia tabia, mikutano ya maombi, semina za vijana na vikundi vya kusaidiana, vyote katika safu moja, kana kwamba msomaji angejua mwenyewe kuvitenganisha.

Hilo nalieleza kwa kirefu kwa sababu nadhani ndipo mnapopotoka. Kituo cha kurekebishia tabia humlaza mtu, kwa kawaida kwa miezi mitatu hivi, na hutoza ada ambayo familia nyingi za huku haziwezi kuilipa bila kuuza ng'ombe au kukodisha shamba. Kikundi cha kusaidiana hakilazi mtu wala hakitozi ada. Ni watu waliokunywa, walioketi pamoja kwa saa moja au moja na nusu, kila mmoja akisema kwa zamu alivyoipitisha wiki yake, na anayekuja mara ya kwanza huruhusiwa kunyamaza hadi mwisho akipenda. Hahitaji barua ya daktari wala ya chifu. Anachohitaji ni kujua mlango uko wapi na unafunguliwa saa ngapi, na hicho ndicho kilichokosekana katika karatasi yenu.

Madhara ya orodha ya uongo ni makubwa kuliko ya kukosa orodha. Nia ya kuacha pombe haidumu siku nzima. Humjia mtu asubuhi, mikono ikitetemeka, mke amekwenda kwao au mwajiri ametuma onyo la mwisho; na kabla ya adhuhuri rafiki atakuwa amemkuta na kumwalika akanywe cha kutoa loki, kama wanywaji wasemavyo, yaani cha kuondoa maumivu ya pombe ya jana. Mtu huyo akitumia nauli yake ya pekee kwenda kwenye mkutano uliotajwa na serikali, akakuta kufuli, hatarudi nyumbani kuchunguza ni nani aliyekosea kuandika. Njia ya kurudi inapita kwa mama pima, muuza pombe ya kienyeji.

Kuna jambo katika historia ya vikundi hivi ambalo ningependa mlifikirie. Jumuiya ya Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huifahamu kwa herufi zake mbili, AA, ilianza mwaka 1935 mjini Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani. Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu iliyopita, alijikuta hotelini peke yake baada ya biashara yake kuvunjika, na baa ya hoteli ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Hapo ukumbini palikuwa na orodha ya makanisa ya mji. Aliitumia kupiga simu, akaomba aunganishwe na mlevi yeyote ambaye wangeweza kuzungumza naye, na mwishowe akafikishwa kwa daktari mpasuaji, Robert Smith. Mazungumzo ya watu hao wawili ndiyo yaliyozaa vikundi vilivyoenea duniani. Orodha ile ilikuwa ya makanisa, haikuwa hata ya walevi. Lakini ilikuwa ya kweli, ilikuwa mahali pa wazi, na simu zilipokelewa.

2. Saa za milango ya umma zinapingana na saa za hatari.

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi bado huiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Tafadhali zilinganisheni na saa za majengo yenu. Saa kumi na moja jioni, wakati ule ule baa inaporuhusiwa kufungua, ndipo mlinzi wa kituo cha umma huzungusha ufunguo. Jumamosi na Jumapili, baa zikiwa wazi tangu saa nane, kumbi za umma tulizoziomba hufungwa siku nzima.

Hizo ndizo saa zinazotuangusha. Fundi wa mjengo hulipwa jioni, na mwenye boda boda huhesabu alichopata jioni. Siku ya malipo ya miwa, au mwezi wa bonasi ya majani chai, mtu huwa na pesa mfukoni kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, na mlango ulio wazi mbele yake ni mmoja. Kituo kimoja kilikubali kuandaa kikao cha waraibu, jambo tunalolishukuru, lakini kikakiweka Jumatano saa nne asubuhi kwa sababu ndiyo saa ya wafanyakazi wake. Mwenye kazi hawezi kwenda bila ruhusa, na hawezi kuomba ruhusa bila kumweleza mwajiri anakokwenda. Kikao kikakosa watu, na ripoti ikaandikwa kwamba jamii haina mwamko.

3. Tunanyimwa vyumba kwa sababu hatutaki kusajiliwa kama chama.

Tulipoomba chumba kimoja, kwa saa moja na nusu kwa wiki, tuliambiwa tujisajili kwanza. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inahitaji kikundi kiwe na wanachama wasiopungua kumi, na usajili huandamana na orodha ya majina, vitambulisho, katiba na viongozi. Hatuna ugomvi na sheria hiyo. Inawafaa akina mama wanaoweka akiba na vijana wanaofuga kuku, na inawalinda dhidi ya mweka hazina anayetoroka na pesa. Lakini sisi hatukopeshani, hatuna mradi, hatuombi ruzuku ya serikali wala ya mfadhili. Kanuni ambazo vikundi vya AA vilizipitisha mwaka 1950 zinasema kwamba sharti la pekee la kuwa mwanachama ni nia ya kuacha kunywa, na kwamba kila kikundi kijitegemee na kikatae michango ya nje. Kwetu kofia hupitishwa, kila mtu akatia alichonacho, na pesa hiyo hununua majani ya chai na sukari. Wiki nyingine tunaketi kumi na watano, wiki nyingine wanne. Hao wanne wana haki ya paa kama hao kumi na watano.

Tulijibiwa kwamba bila usajili ofisi haitajua inamkabidhi nani ufunguo. Tulipendekeza mlinzi afungue na kufunga mwenyewe, nasi tuchangie malipo yake na umeme. Pendekezo hilo liko katika barua yenye muhuri wenu.

4. Siri ya mtu inachukuliwa kuwa jambo la kuchezewa.

Katika kikao nilichokitaja, waliohudhuria waliandikishwa majina kamili, nambari za kitambulisho na za simu, kisha wakaombwa wasogee pamoja wapigwe picha ya ripoti. Mwalimu mmoja aliyekuwapo aliondoka kabla ya picha, na hakuonekana tena. Katika kituo kingine mgonjwa aliulizwa kupitia dirisha la usajili, foleni nzima ikisikiliza, kama ni yeye yule wa pombe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, na sidhani kuna afisa ambaye angethubutu kuwapiga picha wagonjwa wa kifua kikuu na kuwasambaza katika kundi la WhatsApp. Kwa mlevi inaonekana ni halali, pengine kwa imani kwamba mtaa mzima ulikwisha kumwona akianguka mtaroni, kwa hiyo hana tena kitu cha kufichwa. Anacho. Kuonekana ukinywa na kuonekana ukiomba msaada ni mambo mawili, na la pili ndilo linalowaogopesha watu zaidi.

5. Kuna watu ambao hawakufikiriwa kabisa.

Wanawake wanaokunywa hunywea ndani, na mkutano unaokwisha usiku mbali na steji haufai kwao hata ukitangazwa vizuri. Muislamu wa Mumias, ambaye tayari amebeba mzigo wa kunywa kile ambacho dini yake imekikataza, atapata taabu kuingia katika ukumbi wa kanisa Alhamisi jioni. Hilo silisemi kwa kuyalaumu makanisa, ambayo yametupa paa wakati serikali ilipotunyima. Na wake, waume na wazazi wa walevi nao wana mahitaji yao. Al-Anon, jumuiya ya jamaa za walevi, ilianzishwa tangu mwaka 1951 kwa sababu iligundulika kwamba nyumba nzima huugua. Hapa kwetu sijaona ofisi yoyote inayomwambia mama mwenye mtoto mlevi kwamba naye anaweza kutafuta wenzake.

6. Hospitali na vikundi havijuani, na jambo hilo linaweza kuua.

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hapaswi kukatiza pombe ghafla bila kuonana na mhudumu wa afya. Degedege linaweza kumpata kati ya saa sita na saa 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na katika siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwapo, kupandwa na homa na kufa asipotibiwa. Sisi si madaktari. Anapotujia mtu wa namna hiyo, tunamwambia aende hospitalini kwanza, na mara kadhaa tumemsindikiza. Tukifika tunaambiwa apelekwe nyumbani akalale, pombe itamtoka. Na kwa upande wa pili, aliyelazwa akatibiwa vizuri hupewa ruhusa ya kwenda nyumbani na karatasi ya dawa, bila neno moja kuhusu kikundi kinachokutana umbali wa dakika chache kutoka lango la hospitali hiyo hiyo.

Wakati mwingine tunaulizwa kama mikutano hii ina faida yoyote iliyothibitishwa. Mwaka 2020 Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565. Ulionyesha kwamba programu za kitaalamu zinazomwandaa mgonjwa na kumwunganisha na vikundi vya AA ziliwasaidia watu wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko matibabu mengine yaliyolinganishwa nazo. Zingatieni neno kumwunganisha: tafiti hizo zilihusu mhudumu anayemfikisha mgonjwa kwenye kikundi kwa makusudi, na kazi hiyo ndiyo tunayowaomba muifanye. Hapa jirani, Eldoret, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 liliwahusisha zaidi ya watu 600 waliokuwa wakiishi na virusi vya ukimwi na wakinywa pombe. Waliokuwa katika vikundi vya tiba ya kubadili fikra na mienendo, vilivyoongozwa kwa Kiswahili na washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, walipunguza unywaji kuliko waliopewa elimu ya afya peke yake. Mbinu yao si sawa na yetu, lakini inaonyesha kwamba watu wa huku, wakikaa kikundi na kuzungumza lugha yao, wanasaidika.

Waheshimiwa, nafahamu baadhi ya majibu mtakayotoa, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasikia.

Mtasema bajeti haitoshi. Hatujaomba fungu jipya. Karatasi moja katika kila zahanati, inayobadilishwa kila mwezi, na afisa mmoja wa kupiga simu kuthibitisha, havihitaji zabuni. Tena kaunti ndiyo inayotoza ada za leseni za vileo. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliikabidhi kaunti utoaji wa leseni hizo pamoja na huduma za afya, kwa hiyo mkono unaopokea pesa ya baa na mkono unaopaswa kumtibu mlevi ni mikono ya mwili mmoja. Kila mwenye baa mnamjua kwa jina, kwa kiwanja na kwa tarehe ya leseni yake kwisha, na anapochelewa kulipa hamchelewi kumfikia. Uwezo wa kutunza orodha sahihi mnao.

Mtasema NACADA ina nambari ya bure, 1192. Ni kweli, na sisi huwapa watu nambari hiyo. Lakini mshauri anayepokea simu akiwa mbali hawezi kujua kwamba kikundi cha soko fulani kimehamia shule ya jirani tangu mwezi uliopita, ikiwa kaunti yenyewe haijui.

Mtasema kutangaza mikutano ni kuvunja siri yetu wenyewe. Hapana. Tunaomba mahali na saa zitangazwe, majina hayamo. Ubao wa kliniki huandika siku ya wajawazito na siku ya kisukari, na hakuna aliyewahi kudai kwamba mjamzito ametajwa. Vikundi vya kusaidiana vya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi vimekutana katika vituo vya afya vya eneo hili kwa miaka mingi, katika nyakati ambazo unyanyapaa wa ugonjwa huo ulikuwa mkali kuliko wa pombe, na njia ya kuwapangia chumba, siku na mhudumu mwenye kufunga mdomo ilipatikana. Inawezekana tena.

Mtasema AA ni ya kigeni, au ni dini iliyovalishwa vazi jingine. Wako wanaopenda hatua zake 12 na wako wasiozipenda, na mkutano wetu wenyewe una wa aina zote mbili. Ratiba tunayoiomba ijumuishe kikundi chochote kisichotoza ada na kisichomlazimisha mtu imani, ili anayetafuta achague.

Na mtasema, kama alivyosema afisa mmoja kwa sauti ya ukarimu kabisa, kwamba dawa ni kuvunja mitungi. Misako ya chang'aa tumeiona tangu utotoni. Mitungi humwagwa, picha hupigwa, na mama pima huanza kupika tena kabla ya Ijumaa. Hata misako ikifaulu, mraibu aliyekatiwa pombe ghafla ni yule yule niliyemweleza katika lalamiko la sita.

Tunachoomba ni hiki. Ndani ya siku 30, mteueni afisa mmoja mwenye cheo na nambari ya simu ya ofisi, ambaye kazi yake iliyoandikwa ni kutunza ratiba ya mikutano ya kaunti nzima: mahali pa kila mkutano kwa alama ambayo mwenyeji ataitambua, siku, saa, lugha inayotumika, kama mkutano uko wazi kwa kila mtu au ni wa wanaoacha pombe peke yao, kama unawafaa wanawake au jamaa za walevi, na tarehe ambayo habari hizo zilithibitishwa mara ya mwisho. Kikundi ambacho hakijathibitishwa kwa miezi miwili kiondolewe. Vituo vya malazi viandikwe katika ukurasa wao, pamoja na ada zao. Ratiba ibandikwe katika kila zahanati, ofisi ya chifu na steji kuu ya matatu. Isomwe katika redio za lugha zetu. Na nakala ipelekwe kwa wahudumu wa 1192. Juu yake liandikwe onyo fupi kuhusu hatari ya kuacha pombe ghafla na jina la hospitali ya kwenda kwanza.

Tunaomba pia kwamba katika kila kaunti ndogo pawe na angalau chumba kimoja cha umma kinachofunguliwa kwa vikundi hivi jioni za siku za kazi na alasiri za wikendi, bila sharti la usajili wala orodha ya majina, na kwamba picha zipigwe marufuku kwa maandishi. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walianza kazi nchini kote mwaka 2023, wanaingia katika nyumba ambazo daktari hatafika; wafundishwe kuuliza kuhusu pombe bila kuhukumu, na wabebe ratiba hiyo. Hospitali nazo zimpe kila anayetoka wodini kwa sababu ya pombe karatasi ya ratiba pamoja na karatasi ya dawa, na akikubali, zimpigie simu mtu wa kikundi kabla hajavuka lango.

Haya hatuyaombi kama hisani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inamhesabu mtu aliyethibitishwa kuwa na uraibu wa pombe miongoni mwa wanaostahili huduma, na inazitwika serikali za kaunti wajibu wa kutoa matibabu na urekebishaji katika vituo vyake. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, tumewasilisha leo, sambamba na barua hii, ombi rasmi la kuonyeshwa orodha ya vikundi mliyo nayo, tarehe ilipohakikiwa na jina la ofisi iliyoihakiki. Sheria hiyo inawapa siku 21 za kujibu. Zikipita bila jibu, tutapeleka lalamiko letu kwa Tume ya Haki ya Utawala, na malalamishi yenye saini kwa Bunge la Kaunti. Wapo jamaa zetu, wachungaji, walimu wa madrasa na wauguzi waliokubali kutia saini mahali ambapo sisi hatuwezi.

Kikundi chetu kiko tayari kushirikiana na afisa mtakayemteua tangu siku ya kwanza. Tunajua ni vikundi vipi vilivyo hai, vipi vimehama na vipi vimekufa, kwa kuwa tumevitembelea; maelezo hayo tumeyaandika na tutayakabidhi bila malipo.

Mkipenda kutujibu, hamna haja ya kumtafuta mwandishi. Anwani ya kupokelea majibu iko katika barua zetu zilizo kwenye faili lenu, na jibu lolote mtakalobandika kwenye mbao za matangazo za zahanati zenu litatufikia siku hiyo hiyo.

Wenu mwaminifu,

Mwanachama wa kikundi cha kusaidiana cha wanaoacha pombe,
Magharibi mwa Kenya.